Kanga Hazai Ugenini? Tuliyojifunza Bandani kwa Shangazi

Kosa la kwanza lilikuwa la lugha. Mwezi wa Agosti mwaka juzi tulimpigia simu Shangazi, yule mama wa Kitanga ambaye shamba lake liko dakika arobaini kutoka chuoni kwetu hapa Ohio, tukamwambia tunamletea kanga. Miaka yote ametupikia pilau kila sikukuu bila kupokea senti, na sisi tulitaka kumshukuru. Tulipofika alikuwa mlangoni, amekwisha kutandika kitambaa mezani apate kuitazama doti yake vizuri. Tukashusha boksi. Ndani mlikuwa na ndege wanane wa miezi mitatu, wanapiga kelele kama bawaba zisizotiwa mafuta.

Shangazi alicheka hadi machozi yakamtoka. Husemwa kwamba nguo ilipata jina kwa sababu ya madoadoa ya ndege huyu, basi akasema, "Haya wanangu, mmeniletea mwenye jina."

Nia yetu ilikuwa njema. Shangazi alikuwa akilalamika kupe kwenye majani ya uani, na kanga husifiwa huku Marekani kwa kula kupe. Utafiti uliofanywa Long Island na kuchapishwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba kupe wazima hupungua pale kanga wanapozunguka, ingawa kupe wachanga hawakupungua. Tulisoma habari za kupe tu. Habari za kuku hatukusoma, na Shangazi alikuwa na mitetea kumi na miwili na jogoo mmoja anayempenda kama mtoto.

Kosa la pili tulilifanya siku hiyohiyo: tuliwafungulia. Wawili waliruka juu ya mti, wakaingia shamba la mahindi la jirani, na hatukuwaona tena. Na methali tuliisoma darasani muhula uleule: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kanga hahitaji kamba, lakini anahitaji kufungiwa bandani wiki sita hivi, ale na kulala humo, mpaka ajue kwamba hapo ndipo kwao. Waliobaki sita tuliwafungia, na walipotoka walirudi wenyewe kila jioni.

Msimu wa theluji ulipita kwa amani ya kubanana. Vita vilianza Machi, siku zilipoanza kurefuka na kanga wakaingia wakati wa kupandana. Shangazi alipiga simu usiku. Jogoo alikuwa amejificha nyuma ya pipa, undu wake una damu na mkia umenyonyolewa. "Hawiki tena," alisema. Hakutulaumu, na hilo lilituumiza zaidi. Alisema Jumamosi atawachinja kanga wote, na kama tunataka mchuzi tuje.

Tulikwenda Ijumaa, tukaomba muda wa mwezi mmoja. Tulikaa na daftari bandani siku mbili tukitazama, na tukaona kwamba ndege hawa hawagombani kwa desturi moja. Jogoo hupigana uso kwa uso, na mmoja akiinama au akikimbia, shauri limekwisha. Dume la kanga hukimbiza. Humfuata mwenzake kwa nyuma, humvuta manyoya, na wenzake hujiunga naye. Anayekimbia ndiye anayefukuzwa zaidi. Kwa hiyo jogoo alipokubali kushindwa kwa adabu ya kuku, kanga hawakuielewa adabu hiyo.

Tulianza na hesabu. Jike la kanga hutoa mlio wa sauti mbili, ya pili ikipanda. Dume hana mlio huo, hupiga sauti moja tu ya mkato. Tulisikiliza, tukagundua tuna madume manne kwa majike mawili. Hapo Shangazi alipata mchuzi wake: madume mawili yaliondoka, yakabaki majozi mawili, na kanga kwa asili yake hupenda kukaa jozi msimu wa kutaga. Hatutaficha kwamba wawili kati yetu hawakula siku hiyo.

Pili, chakula. Chombo kimoja ndicho kilichokuwa uwanja wa vita. Tuliweka viwili, na viwili vya maji, kila jozi upande wake, na katikati ubao wa kuzuia macho, kwa sababu kanga akimwona jogoo anakula humkumbuka.

Tatu, mahali pa kulala. Kanga hupenda juu kabisa. Tuliwapigilia vijiti karibu na paa, tukasogeza vya kuku upande mwingine ili wasinyewe usiku. Kila kanga alipata nafasi ya futi za mraba nne. Tena kanga haingii kwa hiari mahali penye giza, basi tuliweka taa ndogo inayowaka magharibi, na Shangazi akawazoesha kwa mtama kiganjani saa ileile kila siku.

Nne, maficho. Tuliegemeza mbao ukutani na kupanga matawi uani, ili kuku anayefukuzwa akate kona asionekane. Mbio zikikatika, hasira nayo hukatika.

Wiki ya tatu jogoo aliwika. Shangazi alitupigia simu tusikie, ikiwa ni saa kumi na moja alfajiri, na mmoja wetu alikuwa na mtihani saa tatu.

Ikabaki methali nyingine, ile mwalimu wetu anayoipenda: kanga hazai ugenini. Kwa kweli kanga ni wa Afrika, na kuku asili yake ni misitu ya Asia ya kusini-mashariki, kwa hiyo Ohio wote ni wageni. Mwezi wa Mei majike mawili yalianza kupotea mchana. Tuliyafuata, tukakuta kando ya uzio, ndani ya majani marefu, mayai kumi na tisa katika kiota kimoja. Kesho yake yalikuwa kumi na saba, na maganda mawili. Rakuni alikwisha kupaona.

Mtetea mmoja mwekundu wa Shangazi alikuwa anaatamia mayai yasiyo na mbegu. Usiku tulimwekea kumi na manne ya kanga. Kuku huangua kwa siku 21. Kanga huchukua 26 hadi 28. Kila siku baada ya 21 tuliogopa atachoka. Hakuchoka. Siku ya 27 walitoka kumi na mmoja.

Vifaranga hivyo tuliviwekea changarawe kwenye sahani ya maji visije vikazama, na chakula chenye protini nyingi kuliko cha vifaranga vya kuku, asilimia 24 au zaidi. Mengine yote alifundisha mama yao wa kambo. Wakimsikia akiita, hurudi nyumbani kabla ya giza, jambo ambalo wazazi wao tuliwafundisha kwa wiki sita na mtama mwingi.

Darasani tulibishana. Wengine walisema methali imeshindwa. Mwalimu akasema haijashindwa hata kidogo, kwa maana kanga alitaga ugenini lakini aliyeangua ni kuku mwenyeji. Shangazi, tulipomweleza, alijibu kwamba yeye alizaa watoto watatu Ohio na majirani ndio waliomlelea akiwa kazini zamu ya usiku, sasa tuamue wenyewe.

Msimu huu wanachama wapya watakwenda kupanua banda. Atakayekuja alete misumari na glavu. Doti ya kanga, ya nguo safari hii, tumekwisha kuinunua.