Wimbo Unaosafiri Bila Mwenyewe

Kikundi cha muziki cha ridhaa, yaani kile ambacho wanachama wake hupata riziki kwa uvuvi, biashara au ualimu na kupiga muziki kwa mapenzi tu, si kitu kigeni katika pwani ya Waswahili, kwani hata kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa cha Zanzibar, kilichoasisiwa mwaka 1905, kilianza kama klabu ya wanachama. Kwa hiyo kinachokinyima kikundi cha Wabajuni wa Darakasi, Chovai au Kismayo, kusini mwa Somalia, umaarufu wa mbali si uridhaa wake. Tatizo ni kwamba nyimbo zake, zikibahatika kusafiri, husafiri bila jina la wenyewe.

Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alikuwa amekwisha kupendwa Unguja kabla ya kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Lakini santuri hizo, zilizoandikwa jina lake na kuimbwa kwa Kiswahili wakati taarabu ya kasri ilikuwa ya Kiarabu, ndizo zilizomfikisha kwa wasikilizaji wasiopata kumwona. Huko Somalia, kanda za Radio Hargeysa zilizofukiwa ardhini zisiangamie katika mashambulizi ya 1988 dhidi ya mji wa Hargeysa zilichangia mkusanyiko uliotolewa mwaka 2017 na Ostinato Records ya New York, ukateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Pwani ya Kismayo haikupata akiba ya namna hiyo: vita vilivyozuka mwaka 1991 viliwatawanya Wabajuni wengi hadi Mombasa na ng'ambo, na chini ya al-Shabaab, waliotimuliwa Kismayo mwaka 2012, muziki ulikuwa marufuku.

Kazi ya kwanza, basi, ni rekodi inayosikika. Simu ikiwekwa katikati ya harusi ya vugo, ngoma ya wanawake ambayo pembe hugongwa kwa kijiti, mlio mkali wa pembe huimeza sauti ya mwimbaji, na anayesikiliza akiwa mbali hupata kelele badala ya mashairi. Afadhali kurekodi kabla wageni hawajafika, simu ikiwa hatua moja kutoka kwa mwimbaji na pembe zikiwa nyuma yake, kisha dakika ya kwanza isikilizwe kabla ya kuendelea. Faili lenyewe lipewe jina la wimbo, la mtunzi, la kikundi na la kijiji, pamoja na mwaka. Wimbo ukiingizwa sokoni kwa njia ya intaneti hupewa ISRC, msimbo wa alama 12, herufi kwa tarakimu, unaoitambulisha rekodi hiyo moja tu, na nakala zihifadhiwe zaidi ya mahali pamoja.

Matamasha huja baadaye. Sauti za Busara, inayofanyika Zanzibar tangu 2004, hudai muziki upigwe mubashara, na hapo kikundi cha ngoma na pembe hakina la kuogopa. Wenye kuogopa ni waliozoea kuimba juu ya mdundo uliorekodiwa.

Wapo wanaoshauri lahaja ya Kibajuni iachwe kwa ajili ya Kiswahili sanifu au Kisomali ili soko lipanuke. Ushauri huo una mashaka, kwa kuwa Zein l'Abdin wa Lamu aliimba tungo za lahaja ya Kiamu na rekodi zake zikauzwa Ulaya, ambako wanunuzi wengi hawakujua Kiswahili cha aina yoyote.