Je, Wajua Gari-Nyumba Huelea Kabla ya Kuzama?

Ukiingia kwenye gari-nyumba lililoegeshwa kambini huko Florida, utakuta kitanda, jiko, choo na kiyoyozi. Ni rahisi kulihesabu kuwa nyumba, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Dhoruba ikitangazwa, mwenyewe hufanya kama afanyavyo mwenye nyumba: hufunga madirisha, huweka maji ya kunywa na tochi, kisha hujifungia ndani akisubiri ipite. Watu hulisifia uzito wake, wanasema tani tatu au nne haziwezi kuchukuliwa na upepo. Wanakosea, na hesabu yake si ngumu.

Chukua karavani ya kukokotwa yenye urefu wa mita 9 na uzito wa tani 3 na nusu. Ubavu wake una takriban mita za mraba 24. Nchini Marekani dhoruba ya kitropiki hupewa jina upepo wake unapofika kilomita 63 kwa saa. Upepo huo ukiipiga karavani ubavuni, huisukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa nusu tani hivi. Vyombo vitagongana kabatini, sakafu itayumba, lakini karavani itasimama. Sasa upepo upande hadi kilomita 119, pale dhoruba inapoanza kuitwa kimbunga. Kasi haijafika hata maradufu, ila msukumo umekaribia tani 2, kwa kuwa nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake. Msukumo huo unaigonga karavani karibu mita 2 kutoka ardhini, ilhali magurudumu yake ya kushoto na ya kulia yameachana kwa mita 2 tu. Kwa vipimo hivyo, lazima ipinduke. Na kilomita zinazotajwa kwenye utabiri ni wastani wa dakika moja. Mivumo ya ghafla huzidi hapo. Kwa hiyo karavani inaweza kulala ubavu kabla dhoruba haijapanda cheo na kuwa kimbunga.

Wazoefu watakushauri ugeuze pua ielekee upepo, maana sehemu ya mbele ni kama robo tu ya ubavu. Ushauri huo ni wa kweli, ila haudumu. Upepo wa dhoruba huzunguka kitovu chake, na kitovu chenyewe kinasafiri. Kaskazini mwa ikweta huzunguka kinyume na mishale ya saa. Kwetu kusini, kama ilivyokuwa kwa dhoruba za Idai iliyoipiga Beira Machi 2019 na Hidaya iliyofika Mafia Mei 2024, huzunguka kufuata mishale ya saa. Kote kuwili, kadiri kitovu kinavyosogea, upepo hubadili upande. Gari lililotazama upepo jioni linaweza kupigwa ubavuni usiku wa manane. Kitovu kikikupitia juu kabisa, kutakuwa shwari kwa muda, kisha upepo utarudi kutoka upande wa pili. Saa hiyo hakuna dereva wa kutoka gizani kwenda kugeuza gari.

Hata hivyo upepo si muuaji mkuu. Kati ya 1963 na 2012, takriban watu 9 katika kila 10 waliouawa moja kwa moja na vimbunga nchini Marekani waliuawa na maji. Hapa gari-nyumba lina tabia ambayo wengi hawaijui: huelea. Sakafu ya karavani yetu ina mita za mraba zipatazo 21, na ndani ya kuta zake kuna hewa tupu. Maji yakipanda sentimita 17 hivi juu ya sakafu, kabla hayajapenya ndani, yanatosha kuinyanyua tani 3 na nusu. Sakafu yenyewe iko kama sentimita 60 kutoka ardhini. Maana yake, maji yasiyofika kifuani mwa mtu mzima yanaweza kuing'oa karavani pale ilipoegeshwa na kuigongesha kwenye miti na magari mengine, huku maji yakiingia kupitia mlango na matundu ya mabomba, hadi izame. Tarehe 28 Septemba 2022, kimbunga Ian kilipoisukuma bahari juu ya Fort Myers Beach, maji yalipita mita 3. Kambi ya magari-nyumba ya Red Coconut, iliyokuwa palepale ufukweni, ilifagiliwa.

Linaloniudhi ni jinsi sheria inavyotazama pembeni. Baada ya kimbunga Andrew cha 1992, serikali ya Marekani ilikaza masharti ya upepo kwa nyumba zinazoundwa viwandani. Gari-nyumba halikuguswa, kwa hoja kwamba ni chombo cha safari na makazi ya muda. Lakini wapo wanaoishi humo miaka yote kwa sababu kodi za nyumba zimewashinda, na baadhi ya magari yao hayajasogea siku nyingi kiasi cha matairi kupasuka. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, serikali hiyohiyo ilinunua karavani na nyumba za kukokotwa zaidi ya 100,000 ili kuwahifadhi waliopoteza makazi. Mwaka 2008 vipimo vilionyesha nyingi zina fomaldehaidi nyingi kupita kawaida, gesi itokayo kwenye gundi ya mbao zake. Wakazi wakahamishwa, karavani zikapigwa mnada. Kwangu huo ni ubadhirifu mara mbili: wa fedha na wa afya za watu.

Chombo chenyewe nakipenda. Mwaka 1959 Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa karavani 41 za Airstream kutoka Cape Town hadi Cairo. Leo magari ya aina hii ni zahanati, ofisi, vyumba vya waigizaji, vituo vya damu, makazi ya mafundi wa umeme baada ya maafa. Faida zote hizo zinatokana na magurudumu.

Basi magurudumu hayo yatumike: kama una ndugu Houston au Tampa anayeishi kwenye gari-nyumba, mpigie simu kabla msimu wa vimbunga haujaanza tarehe 1 Juni. Mwambie akague matairi, ajaze mafuta, na aondoke dhoruba ikiwa bado mbali, maana barabarani upepo wa ubavuni ni hatari vilevile. Akichelewa, akunje kitambaa cha kivuli, afunge gesi kwenye mtungi, aliache gari na kwenda kwenye jengo imara lililo mahali pa juu. Akirudi, asiwashe jenereta ndani wala karibu na dirisha; kaboni monoksidi haina harufu, na imeua wengi walionusurika dhoruba yenyewe.