Za Kwanza, Kongwe na Zilizofutwa: Rekodi za Redio za Miji ya Uingereza

Saa 12 asubuhi, Oktoba 8, 1973, London ilisikia kitu ambacho Uingereza haikuwa nacho: redio yenye leseni ya kujiendesha kwa matangazo ya biashara. Iliitwa LBC, na kazi yake ilikuwa habari na mazungumzo. Siku nane baadaye, saa 11 alfajiri, Capital Radio ikaingia hewani na muziki. Mwenyekiti wake alikuwa Richard Attenborough, mwigizaji na mwongoza filamu.

Kwa miaka 50 kabla ya hapo, BBC ndiyo pekee iliyoruhusiwa kutangaza kutoka ardhini. Baharini mambo yalikuwa mengine. Tangu Pasaka ya 1964, Radio Caroline ilirusha muziki kutoka melini, nje ya mipaka ya maji ya Uingereza, na sheria ya Agosti 1967 ikafanya kuzisaidia redio za aina hiyo kuwa kosa la jinai. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa sana hali hiyo. Tulilelewa na redio ya taifa mpaka milango ilipofunguliwa miaka ya 1990: Radio One ya Dar es Salaam mwaka 1994, Capital FM ya Nairobi mwaka 1996. Wenzetu walitutangulia kwa miaka 20 hivi, na mahali walipofika panastahili kutazamwa kwa makini.

Milango 19 kwa miaka mitatu

Kasi ya mwanzo ilikuwa kubwa. Kati ya Oktoba 1973 na Aprili 1976 vilifunguliwa vituo 19. Radio Clyde ya Glasgow ndiyo ya kwanza nje ya London. Ilianza mkesha wa mwaka mpya, Desemba 31, 1973. Zikafuata BRMB ya Birmingham, Piccadilly ya Manchester, Metro Radio ya Newcastle na Radio City ya Liverpool. Swansea Sound, ya kwanza katika Wales, ilianza Septemba 30, 1974 ikiwa na vipindi vya Kiingereza na vya Kiwelshi. Machi 1976, katikati ya miaka ya mabomu na mauaji ya Ireland ya Kaskazini, Downtown Radio ilianza kutangaza kutoka mji mdogo wa Newtownards, karibu na Belfast.

Hakuna redio za biashara za Uingereza zilizowahi kufungwa kwa masharti mengi kama hizo za awali. Mitambo ya kurushia haikuwa mali yao. Ilikuwa ya IBA, mamlaka iliyowasimamia, nao waliilipia kodi. Muziki wa sahani uliruhusiwa saa tisa tu kwa siku. Asilimia 3 ya mapato yao halisi ilipaswa kwenda kwa wanamuziki wanaopiga ala moja kwa moja. Capital ikajikuta inadhamini okestra nzima, Wren Orchestra. Wenye vituo walilalamika, na kwa hesabu za fedha walikuwa na haki. Lakini naamini masharti hayo ndiyo yaliyozipa redio zile tabia yake. Ukiwa na saa tisa tu za sahani, saa nyingine utazijaza na nini? Utafungua laini za simu, utamtuma mtu mwenye kinasa sauti sokoni, utamwita diwani studioni ajibu kuhusu mashimo ya barabarani. Theluji ikianguka usiku, utasoma majina ya shule zilizofungwa, moja baada ya nyingine, huku familia zimenyamaza zikisubiri kusikia ya kwao.

Ukimya huo naujua. Nyumbani kwetu, matangazo ya vifo yalipoanza redioni, bibi aliinua kidole kimoja na sisi watoto tukakoma kucheza. Alisikiliza jina la marehemu, ukoo, kijiji na mahali msiba ulipo. Taarifa ya habari ya kimataifa hakuinulia kidole.

Zilizotangulia kaburini

Centre Radio ya Leicester ndiyo ya kwanza kufilisika. Ilianza Septemba 1981 na Oktoba 1983 ikazimwa. Radio Victory ya Portsmouth, mojawapo ya zile 19, ndiyo ya kwanza kunyimwa leseni mpya. Eneo lake likapewa Ocean Sound, na Victory ikaaga mwaka 1986. Hata LBC, mzaliwa wa kwanza, haikusalimika. Mwaka 1993 ilikataliwa leseni, mwaka uliofuata jina lake likatoweka hewani, na halikurudi mpaka 1996.

Vifo hivyo vilionekana. Mji ulijua redio yake imekufa na ulijua nani wa kumlaumu. Kilichokuja baadaye kilikuwa kigumu zaidi kukiona, na kilianzia mahali pa kawaida kabisa. Mwaka 1985 Wiltshire Radio iliungana na jirani yake Radio West ya Bristol, na kampuni hiyo mpya ikaitwa GWR. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1990 ilipolegeza masharti, leseni zikamwagika hadi vituo vikapita 200, na kampuni kama GWR zikaanza kununua kimoja baada ya kingine.

Majina mengi zaidi kwa mkupuo

Mwaka 2005 GWR na Capital ziliungana katika mpango uliotajwa kuwa wa pauni milioni 711. Miaka mitatu baadaye kampuni hiyo ikauzwa kwa kampuni nyingine, Global, kwa pauni milioni 375, karibu nusu. Sijaona katika historia ya redio hizi thamani nyingine kubwa hivyo iliyoporomoka kwa kasi hiyo. Aliyenunua alitaka faida, na njia aliyoichagua ilikuwa jina moja. Kati ya Januari na Juni 2009, vituo 29 viliacha majina yao na kuitwa Heart. Humo mlikuwamo Plymouth Sound. Radio Trent iliponea hapo, lakini ikabadilishwa kuwa Capital mwaka 2011. Mwaka 2010 vituo vya Heart vilivyozidi 30 vikabanwa kuwa 15.

Rekodi hiyo ilivunjwa na Bauer, kampuni ya Kijerumani. Mwaka 2019 ilinunua makundi kadhaa ya vituo vidogo, na Septemba 2020 ikatangaza jina moja, Greatest Hits Radio, juu ya mabaki ya vituo karibu 50. Swansea Sound ilikuwa mojawapo. Ilikuwa imebakiza chini ya mwezi mmoja kutimiza miaka 46 kwa jina lake lile lile. Kati ya vituo vilivyofutwa siku hizo, kifo chake ndicho kinachoniuma zaidi, kwa sababu jina lilibeba mji, na mji ule ulizoea kusikia lugha zake mbili kutoka mnara mmoja.

Mitambo ya leo imefanya jambo hili kuwa rahisi. Mtangazaji mmoja anakaa London na sauti yake inafika makumi ya miji kwa wakati mmoja; kompyuta inachomeka matangazo ya duka la mji huu, hali ya hewa ya mji ule, na taarifa fupi za habari za eneo. Mwenye gari barabarani anaweza kudhani bado yuko na watu wa kwao. Mwaka 2018 msimamizi wa utangazaji, Ofcom, alipunguza saa za lazima za vipindi vya mchana vinavyotengenezwa kwa ajili ya eneo kutoka saba hadi tatu, na kuondoa sharti kwamba kipindi cha asubuhi kiwe cha wenyeji. Mwaka uliofuata Global ilifuta vipindi zaidi ya 40 vya asubuhi na jioni. Sheria ya mwaka 2024 ikaondoa wajibu wa vipindi vya eneo na kubakisha habari. Februari 2025, vipindi vya mikoani vya Capital, Heart na Smooth vikamalizika England.

Rekodi inayouma

Hapa ndipo wengi wanapokosea wanaposema redio ya biashara ya Uingereza imekufa. Ukichukua nchi nzima, redio hizo zimefikisha takriban wasikilizaji milioni 39 kwa wiki, zaidi ya BBC. Hazijawahi kusikilizwa kiasi hicho. LBC, iliyoanza kama redio ya jiji moja, tangu 2014 inatangaza nchi nzima. Biashara imenenepa. Kilichokonda ni mji. Matangazo ya fundi bomba na duka la samani yamehamia kwenye simu za mkononi, na kampuni kubwa inaona nafuu kuuza tangazo moja kwa nchi nzima kuliko kuajiri watu wawili wa asubuhi Leicester. Redio za kijamii zisizo za faida, zaidi ya 300 sasa, zinajitahidi kuziba pengo kwa nguvu za watu wa kujitolea.

Kongwe, na majirani wa ng'ambo

Redio ya biashara iliyo kongwe kuliko zote katika visiwa vya Uingereza na Ireland haiko chini ya sheria za London. Manx Radio ya Isle of Man, kisiwa chenye bunge lake, ilianza Juni 1964 ndani ya karavani, miaka tisa kabla ya LBC. Bado iko hewani, bado ina jina lake, na serikali ya kisiwa inaiongezea fedha juu ya mapato ya matangazo.

Ng'ambo ya bahari, Jamhuri ya Ireland iliruhusu redio za biashara kwa sheria ya mwaka 1988, ikazitaka zitenge angalau asilimia 20 ya muda wao kwa habari na mambo ya jamii. Highland Radio ya Donegal ilianza mwaka 1990, na imekuwa miongoni mwa zinazoshika sehemu kubwa zaidi ya wasikilizaji wa eneo lao nchini humo. Kila siku, kama redio nyingi za kaunti za Ireland, inasoma matangazo ya vifo: jina la marehemu, mtaa wake, nyumba ya msiba, saa ya mazishi.