Je, Wajua? Nywele Zikinyonyoka, Macho ya Watu Hayalali

Je, wajua kwamba kichwa chenye afya hupukutisha nywele kati ya 50 na 100 kila siku? Hizo za kwenye kitana zisikutie presha.

Kwamba nywele hukawia kuonyesha shida? Aliyejifungua, aliyeugua homa kali au aliyefiwa huanza kunyonyoka miezi 2 hadi 3 baadaye, wakati watu wameshampa pole na kusahau.

Kwamba alopesia areata, inayoacha viduara vya ngozi tupu kichwani, haiambukizi? Ni kinga ya mwili inayoshambulia mashina ya nywele, na huwapata takriban watu 2 katika kila 100 maishani. Lakini mtoto akienda nayo shule ataitwa "mapunye", na hapo kofia haivuliwi tena. Mapunye ni fangasi. Huyu hana cha kumwambukiza mtu.

Kwamba msuko unaokunyima usingizi hung'oa nywele za kwenye paji la uso na juu ya masikio? Utafiti mmoja wa Cape Town ulikuta dalili hizo kwa karibu theluthi ya wanawake waliopimwa. Huanza na maumivu na vipele vidogo. Ukifumua mapema, nywele hurudi. Ukiendelea, kovu huziba vinyweleo, zisiote tena. Wengi huficha pengo kwa wigi la gundi, nalo humalizia zilizobaki. Msusi akisema "vumilia, ndiyo itakaa", tafadhali usivumilie.

Kwamba mbunge wa Marekani Ayanna Pressley, aliyejulikana kwa misuko yake, alipoteza nywele za mwisho usiku wa kuamkia kura ya kumshtaki Donald Trump, Desemba 2019? Alienda bungeni na wigi, kisha akajificha chooni. Januari 2020 alijitokeza na kichwa kitupu mbele ya kamera.

Wanaume wana nafuu kiasi. Mwaka 2012 mtafiti Albert Mannes alifuta nywele kwenye picha za wanaume kwa kompyuta. Watazamaji wakawaona wenye nguvu zaidi, hata warefu zaidi! Nafuu hiyo haikufika Zambezia, Msumbiji: Juni 2017 polisi waliwaonya wenye vipara wajihadhari, maana watu walikuwa wakiuawa kwa imani kwamba vichwani mwao mna dhahabu. Wateja waliotajwa na polisi walikuwa Tanzania na Malawi.

Na kwamba mwaka 2022 baraza la kazi Uingereza liliamua kuwa kumtukania mfanyakazi upara wake ni unyanyasaji wa kijinsia, kwa kuwa upara huwapata zaidi wanaume? Wanaomwita mwenzao wa ofisini "uwanja wa ndege" wakae wakijua.