Net Imekwama Tena? Jua Tatizo Liko Wapi Kabla Hujalipa Mara ya Pili

Kila mtu aliye na Wi-Fi nyumbani anaijua hii hasira. Pesa ya mwezi imetoka, ujumbe wa malipo umeingia, lakini video inazunguka tu na mkutano wa kazi unakatika kila baada ya dakika mbili. Unazima ruta, unawasha. Unapiga simu kwa huduma kwa wateja, unawekewa muziki. Mwisho unanunua bando la simu ili umalize kazi, na hapo tayari umelipia intaneti mara mbili kwa siku moja.

Sisi hatuuzi intaneti, kazi yetu ni malipo. Lakini net mbovu inagusa pesa yako kwa njia tatu: unalipa tena malipo ambayo yalikuwa yamepita, unapandisha kifurushi ambacho hakikuwa na shida, au unatuma pesa kwa mtu aliyejifanya fundi. Zote tatu zina chanzo kimoja: kulipa kabla ya kujua tatizo liko wapi. Leo tukuonyeshe jinsi ya kulijua, hata kama wewe si mtu wa kompyuta.

Kwanza, malipo yalipita au hayakupita?

Wi-Fi ikiwa na shida wakati unalipa kwa programu ya simu, skrini inaweza kuganda hata kama pesa imeshatoka. Programu inatumia intaneti kukuonyesha jibu. Ikikosa intaneti, haina namna ya kukuambia kwamba kazi imekwisha. Wengi hapa hurudia malipo, halafu baadaye wanapata jumbe mbili za uthibitisho.

Ukikwama hivyo, usibonyeze tena. Fanya hivi:

1. Ngoja ujumbe wa uthibitisho. Huo unakuja kwa mtandao wa simu wa kawaida, hauhitaji Wi-Fi wala bando.
2. Usipoingia, angalia salio au taarifa fupi ya akaunti ukitumia menyu ya laini au nambari fupi ya nyota na reli. Hizo pia hazihitaji intaneti.
3. Salio likiwa halijapungua na hakuna ujumbe, hapo sasa unaweza kulipa tena. Tumia ile menyu isiyohitaji intaneti, usirudi kwa programu iliyoganda.

Kama malipo yalipita na bado hujaunganishwa, soma tena ujumbe wako na uangalie nambari ya akaunti uliyoandika. Ukikosea tarakimu moja kwenye Paybill, pesa inaweza kufika kwa kampuni sahihi lakini ikaingia kwa akaunti ya mteja mwingine, au ikabaki hapo bila mwenyewe. Piga simu kwa kampuni ya intaneti ukiwa na ile nambari ya muamala iliyo kwenye ujumbe. Kwa hiyo nambari wanaweza kuitafuta pesa na kuihamishia akaunti yako. Ndiyo maana tunasema kila siku: usifute jumbe za malipo.

Ulinunua kasi gani hasa?

Kabla ya kusema net ni slow, jua ulichonunua. Vifurushi vya nyumbani huuzwa kwa Mbps, yaani megabiti kwa sekunde. Faili za simu yako hupimwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti 8. Kwa hivyo kifurushi cha Mbps 10, kikifanya kazi vizuri kabisa, kinashusha megabaiti 1.25 kwa sekunde. Filamu ya gigabaiti 1 itachukua kama dakika 13. Ukingoja dakika hizo 13, hujaibiwa. Ukingoja saa nzima, kuna kitu.

Angalia pia neno dogo linalopenda kukaa kwenye tangazo: "hadi". "Hadi Mbps 10" maana yake ni kwamba hiyo ndiyo kasi ya juu zaidi. Na kifurushi kisicho na kikomo kinaweza kuwa na sharti kwamba ukipita kiasi fulani cha gigabaiti kwa mwezi, kasi inapunguzwa. Kama net yako huwa sawa mwanzo wa mwezi na kuchoka mwishoni, uliza kuhusu hilo sharti kabla ya kulaumu waya.

Tatizo linaweza kuwa sehemu tatu

Intaneti inapita sehemu tatu kabla ya kufika kwa skrini yako, na kila sehemu ina dalili zake.

Ya kwanza ni ndani ya nyumba, kati ya ruta na simu yako. Hapa ndipo shida nyingi hujificha. Ukuta wa mawe au zege hupunguza mawimbi ya Wi-Fi, na chuma huyazuia kabisa. Ruta iliyofichwa nyuma ya televisheni, ndani ya kabati la chuma au chini sakafuni haiwezi kufikisha net chumbani. Iweke juu, mahali pa wazi, karibu na katikati ya nyumba.

Halafu kuna majirani. Ukiishi ploti ya nyumba ishirini, fungua orodha ya Wi-Fi kwenye simu yako uone majina yaliyojazana hapo. Ruta nyingi hutumia masafa ya 2.4 GHz, na humo kuna njia tatu tu ambazo haziingiliani: ya 1, ya 6 na ya 11. Ruta ishirini zikigombania njia tatu, lazima zisumbuane. Kama ruta yako ina masafa ya 5 GHz pia, hamia huko ukiwa chumba kimoja nayo. Ni ya kasi zaidi na msongamano huwa mdogo, ingawa haiendi mbali na haipendi kuta. Ukiona jina la Wi-Fi yako linaishia na 5G, ni hayo masafa. Hayahusiani na 5G ya simu.

Ya pili ni kutoka nyumbani kwako hadi kwa mitambo ya kampuni. Kama una faiba, angalia taa ndogo zilizo kwenye kifaa chako. Taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga wa faiba haufiki. Labda waya umekatwa na watu wanaochimba barabara, umevutwa na lori, au umekunjwa sana pale unapoingilia dirishani. Hapo kuzima na kuwasha hakusaidii, anayehitajika ni fundi wa kampuni. Kama unatumia ruta ya laini ya simu, jaribu kuihamishia dirisha linaloelekea upande wa mnara. Stima ikipotea mtaa mzima, hata wewe mwenye betri ya ruta unaweza kukosa net kwa sababu vifaa vya kampuni vilivyo mtaani pia vinataka umeme.

Sehemu hii pia ndiyo yenye foleni ya jioni. Nyumba nyingi hugawana uwezo mmoja wa kampuni mtaani. Saa nne asubuhi watu wako kazini na net inakimbia. Saa tatu usiku kila nyumba iko kwa video, na uwezo ule ule unagawanywa kwa wote. Kampuni ikiuza nafasi nyingi kuliko inavyoweza kubeba, utaijua kwa saa.

Ya tatu ni mbali, nje ya nchi. Sehemu kubwa ya intaneti ya Kenya huingia kwa nyaya zinazopita chini ya bahari na kutua Mombasa. SEACOM na TEAMS zilifika mwaka 2009, na EASSy ikafuata 2010. Kabla ya hapo tulitegemea sana setilaiti, ambayo ilikuwa ghali na ya polepole. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na net ikadorora Kenya na nchi jirani kwa siku kadhaa. Dalili ya shida ya aina hii ni kwamba kila mtu analalamika siku moja, hata wale wa kampuni nyingine. Ukiona hivyo, usimwite fundi wala usibadilishe kifurushi. Subiri.

Pima kwa siku mbili

Kubahatisha kunakula pesa, kupima ni bure. Tumia kipimo cha kasi kama Speedtest au fast.com, na ufanye hivi kwa siku mbili:

- Simama karibu na ruta, kama hatua mbili. Toa vifaa vingine vyote kwa Wi-Fi: televisheni, simu za watoto, kompyuta.
- Pima asubuhi, saa nane mchana na saa tatu usiku. Piga picha ya skrini kila mara.
- Rudia mara moja ukiwa chumba cha mbali.

Sasa soma majibu. Karibu na ruta ni sawa lakini chumbani ni mbaya? Tatizo ni la ndani ya nyumba, na kifurushi kikubwa hakitalitatua. Asubuhi ni sawa, usiku ni mbaya? Ni ile foleni ya mtaa, mlalamikie anayekuuzia. Mbaya wakati wote, hata ukiwa karibu na ruta na vifaa vingine vimetoka? Hupati ulicholipia, na ushahidi unao kwa simu.

Kama mnachangia Wi-Fi

Kuchangia na majirani kunapunguza bili, na kama kampuni yenu inaruhusu, hakuna ubaya. Lakini pigeni hesabu kwanza. Video ya HD inataka kama Mbps 5. Nyumba nne zikigawana Mbps 10, televisheni mbili zikiwashwa jioni, zimemaliza. Wa tatu akianza mkutano wa kazi ataona net ni mbovu, kumbe imegawanywa tu. Hapo kupandisha kifurushi kuna maana, na nyongeza mkiigawa kwa nne si kubwa. Anayekusanya pesa akusanye kwa simu, ili kila mmoja awe na ujumbe wake. Ugomvi wa "mimi nilitoa" na "wewe hukutoa" unaisha hapo.

Dai siku zako

Tuseme unalipa shilingi 2,500 kwa siku 30. Hiyo ni karibu shilingi 83 kwa siku. Net ikipotea siku sita, ni shilingi 500 zako. Hakuna atakayekurudishia usipouliza, na ukiuliza bila ushahidi utaambiwa pole na kuachwa hivyo.

Andikia kampuni yako kwa barua pepe au ujumbe, usitegemee simu peke yake. Weka mambo manne: nambari ya akaunti, nambari ya muamala wa malipo, tarehe na saa za kukatika, na zile picha za vipimo. Omba kitu kimoja kilicho wazi, kwa mfano uongezewe siku sita. Uliza nambari ya malalamiko na uihifadhi.

Haki hii si fadhila. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inasema mtumiaji ana haki ya huduma zenye ubora unaofaa, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Kampuni ikikunyamazia au jibu lake lisikuridhishe, peleka malalamiko yako kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Watataka kujua kama ulianza na kampuni yenyewe, na ile nambari ya malalamiko ndiyo jibu lako.

Jihadhari na wanaojua una hasira

Matapeli wanapenda siku ambayo net ya mtaa imekufa. Mtu anapiga simu, anajiita huduma kwa wateja wa kampuni yako ya intaneti, ati mnarudishiwa pesa za siku zilizopotea, taja tu PIN uthibitishe. Mwingine anakuja mlangoni na kamba na ngazi, anataka "pesa ya kuunganisha" kwa nambari yake mwenyewe.

Kurudishiwa pesa hakuhitaji PIN. PIN ni ya kutoa pesa, na hakuna mfanyakazi wetu au wa kampuni yoyote anayepaswa kuijua. Malipo ya intaneti yapelekwe kwa Paybill au Till ya kampuni pekee. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Likiwa la mtu binafsi, simama hapo hapo. Fundi wa kweli hatakasirika ukipiga simu kwa kampuni kuuliza kama wamemtuma.

Kwa hivyo net ikikwama jioni ya leo, fuata mpango huu: thibitisha malipo bila intaneti, angalia taa za ruta, pima, halafu ndipo uamue kama ni fundi, ni malalamiko, ni kifurushi kipya au ni kusubiri tu. Kama una jumbe mbili za malipo ya kitu kimoja, tuandikie leo ukiwa na nambari zote mbili za muamala. Usingoje mwisho wa mwezi, kwa sababu kufuatilia pesa ni rahisi zaidi ukianza mapema.