Mzaha Katika Mkutano Mkuu

Mkutano Mkuu wa chama cha msingi huwa na mambo mazito: taarifa ya mapato na matumizi, makato, madeni ya pembejeo na matokeo ya ukaguzi wa hesabu. Ifikapo saa saba mchana, mwanachama aliyetoka kwake alfajiri huanza kusinzia. Hapo ndipo mzaha wa kiongozi unapoweza kusaidia, au kuharibu.

Mzaha ufaao hutoka katika jambo lenyewe linalozungumzwa. Tuseme wanachama wananung'unikia mizani. Mwenyekiti mnene aweza kuanza hivi: "Mizani hii haijui cheo. Jana nilipanda juu yake, ikatamka mbele ya karani neno ambalo nyumbani hawathubutu kuniambia." Watu wakiisha kucheka, papo hapo na aonyeshe muhuri wa Wakala wa Vipimo, kisha amwite mwanachama yeyote aijaribu mizani kwa jiwe la kilo 20.

Mwenyekiti huyo amejicheka mwenyewe, na ndivyo yapasavyo. Wapo watakaosema kwamba kutania wengine ni mila. Ni kweli, Wanyamwezi na Wazaramo, kwa mfano, ni watani tangu enzi za misafara ya karne ya 19. Lakini utani una sharti lake: anayetaniwa ana haki ya kujibu kwa kiasi kile kile. Mkulima anayechekwa na Katibu hadharani kwa ajili ya deni lake, au kwa kutojua kusoma, hawezi kujibu, kwa kuwa Katibu ndiye ashikaye daftari la malipo yake. Hiyo ni fedheha. Mwaka ujao hataleta swali lake, na pengine hata mazao yake.

Tena yapo maswali yasiyojibiwa kwa mzaha kamwe. Mwanachama aliyeuza kilo 600, akauliza makato ya shilingi 50 kwa kila kilo yamekwenda wapi, anauliza habari ya shilingi 30,000. Hapana budi ajibiwe kwa tarakimu, na stakabadhi zifunguliwe. Akijibiwa kwa kichekesho, mkutano utacheka, lakini njiani watu watasema fedha zimeliwa, hata kama hazikuliwa. Wahenga walionya: mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Kiongozi atajua kwamba mzaha wake umefaa iwapo mwanachama, akirudi nyumbani, ataweza kuwasimulia wenzake hesabu pamoja na kichekesho.