Sukari inaposhuka usiku

Anayetoka Ahero kwenda Kisumu mjini, kabla hajafika Nyamasaria, hupita kwenye mashamba ambayo mazao yake huishia kuwa glukosi mwilini: mpunga wa Ahero, kisha upande wa kulia, kuelekea Miwani na Kibos, miwa. Tambarare hii ya Kano inayotulisha ndiyo hiyo hiyo ambayo masika huijaza maji, na maji yanaposimama mbu huzaana. Siku hizi tukitaja sukari tunafikiria kisukari, yaani sukari iliyopanda, na tuna haki ya kuogopa. Lakini kwa mtoto mdogo wa huku ziwani, sukari inayoua kwa saa chache ni ile inayoshuka, na mara nyingi hushuka akiwa na malaria kali. Nataka kueleza kwa nini, maana mzazi anayejua sababu hatasubiri kupambazuke.

Tuanze na kiasi. Damu yote ya mtu mzima, lita tano hivi, hubeba takriban gramu nne na nusu za glukosi, kama kijiko kimoja cha chai. Mtoto wa kilo 12 hana hata gramu moja damuni. Mwili wake hutumia zaidi ya gramu nne kila saa. Kwa hiyo ini likiacha kumwaga glukosi mpya, ile iliyomo ndani ya damu pekee haingefika robo saa. Sukari ya damu haikai tu ikingoja kutumiwa. Inaingia na kutoka bila kukoma, na kazi ya mwili ni kuhakikisha kinachoingia kinalingana na kinachotoka.

Familia ikila ugali na omena saa mbili usiku, wanga wa ugali huanza kukatwa mdomoni na kimeng'enya cha mate, na kumalizikia kwenye utumbo mwembamba. Glukosi inayopatikana huingia kwenye mshipa unaokwenda moja kwa moja hadi kwenye ini kabla ya kufika kwingine. Huko kimeng'enya kiitwacho glukokinasi huibandika fosfeti. Kitendo hicho kidogo kina maana kubwa, kwa sababu glukosi yenye fosfeti haiwezi kupenya ukuta wa seli ikatoka. Imezuiliwa. Baadaye molekuli hizo huungwa pamoja kuwa glaikojeni, mnyororo wenye matawi mengi mno. Faida ya matawi ni kwamba kila ncha inaweza kukatwa peke yake: kama shamba la miwa lenye vibarua wengi, kila mmoja kwenye mstari wake, glukosi nyingi hupatikana kwa muda mfupi. Ini la mtu mzima aliyeshiba huweka takriban gramu 100.

Anayetoa amri ya kuweka akiba ni insulini, na namna inavyotolewa inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu tutairudia. Seli za beta za kongosho huivuta glukosi ndani na kuichoma ili kupata ATP, nishati ya seli. ATP ikiongezeka, matundu yanayopitisha madini ya potasiamu kwenye ukuta wa seli hufungwa. Yakifungwa, umeme wa ukuta hubadilika, kalsiamu huingia, na insulini iliyokuwa imehifadhiwa humwagwa damuni. Hivyo seli ya beta haihesabu sukari kwa kuitazama. Inaila, na kiasi ilichokula ndicho kinachofunga matundu. Insulini ikifika kwenye ini huliamuru liweke akiba na liache kutengeneza glukosi. Ikifika kwenye misuli na mafuta, hufungua njia ya glukosi kuingia humo.

Usiku ukisonga, insulini hupungua na homoni ya pili, glukagoni, hutoka seli za alfa za kongosho hilo hilo. Sasa ini hukata glaikojeni, na kimeng'enya cha mwisho huondoa ile fosfeti ili glukosi iweze kutoka. Misuli ina akiba kubwa zaidi, labda gramu 400 kwa mtu mzima, lakini haina kimeng'enya hicho. Glukosi iliyoingia kwenye msuli hutumika humo humo. Kinachoweza kutoka ni lakteti, mabaki ya glukosi iliyovunjwa nusu njia.

Na lakteti si taka. Chembe nyekundu za damu hazina mitokondria, kwa hiyo huvunja glukosi nusu njia tu na kuacha lakteti mchana na usiku. Ini huichukua, huiunganisha tena kuwa glukosi, na kuirudisha damuni. Mzunguko huu ulielezwa na Carl na Gerty Cori, mume na mke waliopata tuzo ya Nobel mwaka 1947. Una gharama: chembe nyekundu hupata ATP mbili kwa kila glukosi, na ini hulipa sita kuitengeneza upya. Ini hutumia pia gliseroli ya mafuta na asidi amino za misuli. Kufikia asubuhi ya mtu mzima aliyelala bila kula, karibu nusu ya glukosi inayotoka kwenye ini hutengenezwa hivi.

Mtoto yuko katika hali ngumu zaidi. Karibu na umri wa miaka mitano ubongo wake hula zaidi ya asilimia 40 ya nishati yote ya mwili, na ubongo unategemea glukosi. Ini lake ni dogo, akiba yake ni ndogo. Usiku mmoja atauvuka salama akiwa mzima. Akilala njaa, kisha asile kutwa nzima, ndipo hatari inapoanza.

Kwenye kituo cha afya mazungumzo huwa kama haya:

"Mama, mtoto alikula mara ya mwisho lini?"

"Jana mchana, sista. Jioni alikataa hata uji. Alfajiri akapata degedege."

Jibu la mama huyo ni kipimo kama vilivyo vipimo vingine. Mtoto amekaa saa nyingi bila kula, kwa hiyo glaikojeni imekwisha au imebaki kidogo. Homa imeongeza matumizi. Vimelea vya malaria vimejificha ndani ya chembe nyekundu, ambako vinachoma glukosi mara nyingi zaidi ya chembe yenyewe na kuacha lakteti tele. Na ini, ambalo lingepaswa kuigeuza lakteti hiyo kuwa glukosi, limeelemewa na ugonjwa. Basi mambo mawili hutokea pamoja: sukari hushuka, na asidi ya lakteti hupanda damuni hadi mtoto anapumua kwa kina na kwa nguvu. Glukosi ikiwa chini ya milimoli 2.2 kwa lita, hiyo ni mojawapo ya dalili za malaria kali.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo lilitoka kwenye dawa ya malaria iitwayo kwinini. Mwaka 1983 madaktari waliokuwa wakitibu malaria nchini Thailand waliripoti wagonjwa ambao sukari yao ilishuka vibaya huku insulini ikiwa juu, hasa wajawazito. Kwinini hufunga matundu yale yale ya potasiamu kwenye seli za beta. Seli hudanganyika kwamba imeshiba, ikamwaga insulini kwa mgonjwa asiye na sukari ya kuwekwa popote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, ulionyesha kwamba artesuneti ya sindano, dawa nyingine ya malaria, ilipunguza vifo kutoka asilimia 10.9 ya waliopewa kwinini hadi 8.5, na sukari kushuka wakiwa kwenye matibabu kukapungua pia.

Degedege la homa, la malaria iliyopanda kichwani na la sukari iliyoshuka hayatofautishwi kwa macho. Tone la damu la kidoleni hutoa jibu kwa sekunde chache, na mzazi ana haki ya kuuliza: "Sista, sukari yake mmeipima?" Ikiwa chini, mtoto hupewa mshipani mililita tano za maji ya glukosi ya asilimia 10 kwa kila kilo ya uzito wake; kwa mtoto wetu wa kilo 12 hizo ni gramu sita za glukosi. Mshipa ukikosekana, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu kijiko cha chai cha sukari iliyoloweshwa kwa tone moja au mawili ya maji kiwekwe chini ya ulimi wa mtoto asiye na fahamu. Asinyweshwe kitu, kwani kitaingia mapafuni.

Akifumbua macho, familia hupumua na kuanza kufunga mizigo. Msiondoke. Gramu sita ni matumizi ya saa moja na kidogo. Sukari hupimwa tena baada ya nusu saa, kisha tena na tena, na dripu yenye glukosi au maziwa ya mrija wa puani huendelea hadi aweze kumeza mwenyewe, kwa sababu vimelea bado viko hai na ini lake bado halijaweza kutengeneza ya kutosha.